Nani anaishi kwa korosho Mtwara mjini?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 146,772 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kuhusu watu hao nataka kujua jambo moja: ni wangapi ambao riziki yao inatoka kwenye korosho?

Kwa mji unaotajwa nchi nzima kila zao hilo linapotajwa, mtu angetegemea jibu liwe limeandikwa mahali. Bodi ya Korosho makao yake ni hapa hapa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kimeishughulikia korosho kwa miongo mingi, kipo nje kidogo tu ya mji. Bandari ipo, maghala yapo, bei za mnada zinasomwa redioni. Tani zinajulikana, shilingi zinajulikana. Watu ndio hawajulikani.

Nimelifuatilia swali hili kwa muda, na linaniuma. Kila hoja ya korosho inapoibuka, iwe bandari ipi isafirishe, kiwanda kijengwe wapi au mnada uanze lini, anayehesabiwa ni mkulima peke yake. Mkulima lazima awe wa kwanza, hilo halina ubishi. Lakini mji mzima unawekwa kando kana kwamba haumo. Rafiki yangu mmoja, mtu wa mipango, aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba korosho ni habari ya Tandahimba, Newala na Masasi; Mtwara mjini watu wanakula mishahara ya serikali, biashara na samaki. Nami nimeona mji huu unavyonywea msimu ukiharibika. Haiwezekani wote wawili tukawa sahihi.

Wanaochunguza miji inayotegemea shughuli moja wana njia zao za siku nyingi. Homer Hoyt, Mmarekani aliyeifanya kazi hiyo miaka ya 1930, alizigawa ajira za mji mafungu mawili: zinazoingiza pesa kutoka nje ya mji, na zinazoishi kwa kuwahudumia wale wa fungu la kwanza. Kinyozi, muuza chapati na mwalimu wa tuisheni wako fungu la pili. Ukiujua uwiano wa mafungu hayo, unaweza kukadiria kiwanda kikifungwa wangapi wengine watakosa riziki ingawa hawajawahi kukanyaga kiwandani. Njia nyingine ni ya kulinganisha. Chukua sehemu ya wafanyakazi wa mji walio kwenye shughuli fulani, igawe kwa sehemu ya wafanyakazi wa nchi nzima walio kwenye shughuli hiyo hiyo. Jibu likizidi moja, mji umeegemea huko. Likifika tano au kumi, mji umelala huko.

Mahali kama Mwadui, kule Shinyanga, hesabu hiyo inakwenda. Kuna mgodi wa almasi, kuna geti, kuna orodha ya mishahara. Unawahesabu waliomo ndani ya geti, halafu unawatafuta waliowazunguka. Detroit ya magari ilihesabika vivyo hivyo, kwa sababu mtu alijua anafanya kazi kwa nani na hati ya mshahara ilisema.

Mtwara hakuna geti. Korosho inalimwa nje ya mji, inapita mjini, inapanda meli. Anayeishi nayo mjini anaigusa kwa wiki chache, au haigusi kabisa, na ukimuuliza kazi yake atakutajia kitu kingine. Hatakuwa amekudanganya.

Halafu kuna suala la mwezi, ambalo naona halijapewa uzito hata kidogo. Sensa zote za Tanzania tangu Uhuru zimefanyika Agosti: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ni wakati mzuri wa kuhesabu watu, njia zinapitika na mvua hakuna. Lakini kwa korosho ya kusini Agosti ni mwezi wa maua na vikorosho vichanga. Wakulima wanapuliza salfa kuukabili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoishika mikorosho. Pesa ya msimu uliopita imekwisha, ya msimu mpya haijaonekana, na maghala mengi yana vumbi tu. Kuokota kunaanza Septemba kuelekea Oktoba, minada inafuata, na mji unafumuka mpaka Januari. Tafiti za nguvukazi nazo, kwa utaratibu unaotumika duniani, humuuliza mtu alifanya kazi gani katika siku 7 zilizopita. Sasa mchukue kijana anayebeba magunia Novemba. Agosti utamkuta anavua upande wa Msangamkuu, au anaendesha bodaboda ya mtu, au amekaa kijiweni. Ataandikwa mvuvi, dereva, au hana kazi. Yote matatu ni kweli kwa wiki hiyo, na korosho haitajwi hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza vingine. Nikaacha "unafanya kazi gani?" nikauliza "pesa yako inatoka mwezi gani?" Mtwara kila mtu analijibu swali hilo papo hapo.

Mama mmoja mwenye duka pale Chikongola alinifungulia daftari lake la mkopo. Ni kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimelika, kila mteja ana ukurasa wake: jina juu, na chini yake sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande, vocha. Kuanzia Machi mistari inarefuka. Kufikia Julai wateja wengi wamehamia ukurasa wa pili. Agosti na Septemba mwandiko umebanana pembezoni kwa sababu nafasi imekwisha. Halafu, mahali fulani Novemba, kalamu nyekundu inashuka kutoka juu mpaka chini, na neno moja: kalipa. Ukifunua kurasa unaona tarehe za wino mwekundu zinakaribiana, nazo zinafuatana na wiki ambazo malipo ya minada yaliingia.

Nikamuuliza kama hao wateja ni wakulima.

"Wakulima gani hapa mjini, mwanangu? Huyu fundi cherehani. Huyu anachoma mishikaki stendi. Huyu ni mlinzi, lakini ana mikorosho ya baba yake kule Nanyamba. Huyu mke wa mwalimu."

Mke wa mwalimu ndiye aliyenishughulisha zaidi, kwa sababu mwalimu ana mshahara kila mwezi. Kumbe naye ana ekari zake za mikorosho, na mshahara ni wa kula, korosho ni ya bati na ada ya chuo cha mtoto. Watu wa namna hiyo wamejaa mjini: wauguzi, makarani, wastaafu, polisi. Kwenye karatasi ni watumishi wa umma. Ukiwauliza nyumba ilijengwa kwa pesa gani, watakutajia msimu. Wapo wanaokumbuka kila chumba kilijengwa mwaka gani, kwa sababu wanakumbuka bei ya mwaka huo.

Fundi cherehani wa kwenye daftari nilimfuata. Kwake mwaka una miezi mitatu tu ya kweli. Harusi, ngoma za unyago, sikukuu, kisha sare za shule Januari inapoingia. Desemba analala kwenye fremu yake na anaita vijana wawili wa kumsaidia. Juni anashona viraka. Hoyt angemweka fungu la pili, na angekuwa sahihi, lakini angemkuta tu kama angekuja Desemba.

Ghalani ndiko mtu anakoweza kusema ameiona kazi ya korosho kwa macho. Malori yamepanga foleni tangu alfajiri. Gunia la juti lina kilo 80 hivi. Kijana anainama, wenzake wawili wanamtwika mgongoni, anapanda ubao uliolazwa juu ya magunia, anaangusha mzigo juu ya rundo lililokwisha fika karibu na kenchi, anashuka akikimbia. Hakuna anayepumzika kwa sababu malipo ni kwa gunia, na kiongozi wa kikundi ana karatasi yake ya kuchora vijiti. Pembeni kuna anayeshona midomo ya magunia kwa sindano ndefu, na anayechoma bambo kutoa sampuli. Korosho za sampuli zinakatwa katikati kwa kisu na kupangwa: nyeupe huku, zilizosinyaa huku, zilizooza huku. Kwa kutazama nusu hizo ndipo inajulikana mzigo ni daraja la kwanza au la pili, na mkulima aliyeko kijijini atapata kiasi gani. Nilisimama hapo nikamtazama yule mkataji kwa muda mrefu. Mkono haukosei, macho hayaondoki kwenye kisu. Hiyo ni taaluma, na msimu ukifungwa anarudi kulima muhogo.

Nje ya uzio wapo mama lishe na masufuria yao, muuza maji ya mfuko, wakala wa pesa za simu mwenye mwavuli, fundi wa pancha, na vijana wanaofagia korosho zilizomwagika. Katika hao wote hakuna hata mmoja ambaye takwimu zinamtambua kama mfanyakazi wa korosho.

Bandari ina hesabu yake. Kuna misimu ambayo korosho ya kusini imepakiwa malorini ikapelekwa bandari ya Dar es Salaam, na kuna misimu ambayo serikali imeagiza itoke kupitia Mtwara. Mavuno yanaweza yakawa yale yale, bei ile ile, mkulima asione tofauti kubwa. Lakini mjini tofauti ni ya usiku na mchana. Lori linaloelekea Dar linapita tu. Likiishia bandarini, linahitaji watu wa kushusha, kupanga kwenye makontena, kulinda, kupika, kulaza madereva. Ndiyo maana nasema mazungumzo ya bandari ni mazungumzo ya ajira za mji, na yangepaswa kuanza na idadi ya watu. Makaa ya mawe ya Ruvuma, yaliyoanza kupita hapa kwa wingi miaka ya karibuni, yamesaidia kuipa bandari mizigo hata korosho isipokuwepo. Namshukuru aliyeliwaza hilo.

Mji huu, kwa kweli, ulijengwa kwa ajili ya zao moja, na zao hilo halikuwa korosho. Lilikuwa karanga. Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Pili ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, na kuanzia 1947 ikaja na mpango wa mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji pa kutokea, ndipo ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa, na reli ya kwenda bara. Mpaka wakati huo mji wa eneo hili ulikuwa Mikindani, na makao ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, baada ya pauni milioni 36 kupotea. Bandari ikakamilika 1954 karanga zikiwa hazipo. Reli ikafungwa muda mfupi baada ya Uhuru na vyuma vikang'olewa. Leo tuna kata inaitwa Reli, na treni hakuna.

Mji uliobaki na bandari bila mzigo ulijazwa na mikorosho. Mti wenyewe ulikuja pwani yetu na Wareno kutoka Brazil, karne ya 16, lakini kama biashara kubwa ulishika kasi baada ya vita hivyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Nchi ikasema, kwa haki kabisa, kwa nini tuuze ghafi? Vikajengwa viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Kusini vilienea kote: Newala, Masasi, Tunduru, Nachingwea, Mtama, Lindi. Mtwara mjini ilipata viwili, kimojawapo Likombe.

Kwa hiyo geti liliwahi kuwepo. Kuna wazee mjini hapa wanaokumbuka king'ora cha zamu, mabinti waliotoka vijijini kuja kupanga vyumba kwa ajili ya kazi ya kiwandani, na harufu ya mafuta ya maganda iliyoshika nguo hata ukifua. Laiti mtu angefika na daftari miaka ile, njia ya Hoyt ingefanya kazi hapa bila taabu.

Lakini viwanda vilikuja wakati zao linaanguka. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa unazidiwa na pori. Bei ilishuka. Kisha ubwiriunga ukaingia, unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Ukiwa na viwanda vilivyojengwa kubangua zaidi ya tani 100,000 na mavuno hayafiki hata robo ya hizo, mitambo inakaa. Ilikaa. Baadaye viwanda vikabinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala. Majengo yaliyojengwa ili korosho ibanguliwe yakawa mahali pa kuihifadhi ikisubiri kwenda kubanguliwa nchi nyingine.

Hiyo nchi nyingine ndiyo iliyonifanya niione picha nzima. Kusini mwa India, jimbo la Kerala, kuna mji unaitwa Kollam. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita Kollam ulikuwa mji mkuu wa ubanguaji duniani, na sehemu kubwa ya korosho zake ghafi zilitoka Afrika Mashariki, yaani Msumbiji na kwetu. Waliobangua walikuwa wanawake, kwa wingi wao. Miaka ya 1970, nchi zetu zilipoanza kujenga viwanda na kuzuia ghafi, viwanda vya Kollam vilikosa malighafi na wanawake wale wakakosa siku za kazi. Serikali ya jimbo ililiona jambo hilo kuwa kubwa kiasi cha kuwa na shirika lake la korosho, lililoanzishwa 1969, la kuajiri na kuokoa ajira.

Lifikirie hilo vizuri. Mji ulioko ng'ambo ya bahari ulijua ni wafanyakazi wake wangapi wanaitegemea korosho ya kusini mwa Tanzania, ukawapigania kwa majina. Sisi tulio karibu na mti hatujawahi kuwahesabu wa kwetu. Siku hizi Vietnam nayo imeingia, tena kwa mitambo, na imewapita wote kwa kubangua. Korosho yetu nyingi inaendelea kuondoka na ganda lake. Nilipokuwa natafuta kazi ya korosho Mtwara, sehemu yake kubwa kumbe ilikuwa imepanda meli pamoja na mzigo. Kilichobaki mjini ni mzunguko wa pesa, na pesa haisimami kwenye foleni ya geti asubuhi ili uihesabu.

Pesa hiyo unaiona inapochelewa. Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa ajabu: zaidi ya tani 300,000, na bei mnadani ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Pikipiki mpya zilijaa barabarani, bati ziliadimika madukani. Msimu uliofuata wanunuzi walikuja na bei za chini ya shilingi 3,000 na wakulima wakakataa kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Mawaziri wawili walikuwa wameshaondolewa siku chache kabla. Ukaanza uhakiki wa wakulima, ili kuwabaini waliokuwa na korosho bila shamba, wale waliofanya kangomba, yaani walionunua korosho za wakulima wenye shida kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Malipo yakatoka kwa awamu, kwa miezi.

Bei ile ilikuwa nzuri kuliko ya wanunuzi, na nia ya kumlinda mkulima nilikuwa naiunga mkono. Ninachozungumzia hapa ni mji. Mama wa Chikongola bado ana daftari la mwaka ule. Novemba haina wino mwekundu. Desemba kuna "kalipa nusu", "kalipa kidogo", na kurasa kadhaa zimeandikwa "atakuja". Aliacha kujaza mchele dukani kwa sababu pesa ya kununulia mchele ilikuwa kwenye daftari. Fundi cherehani hakuita wale vijana wawili. Bodaboda waliochukua pikipiki kwa mkopo mwaka uliotangulia, wakitegemea abiria wa msimu, walizirudisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na gunia la korosho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya uhakiki, maana hawakudai kitu serikalini. Walikuwa wanasubiri waliokuwa wanasubiri.

Kwangu mimi msimu ule ndio ulikuwa kipimo kuliko jedwali lolote. Wale ambao shughuli zao hazikusimama ndio wasioitegemea korosho. Nao wapo, na haki yao nao ni kutajwa. Mshahara wa serikali haukuyumba: walimu, hospitali ya Ligula, ofisi za mkoa. Wavuvi waliendelea kuvua, ingawa samaki alishuka bei kwa kukosa wanunuzi. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa 2015 na chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilikuwa na mambo yake yasiyohusiana na mnada. Gesi ya Mnazi Bay iliendelea kwenda Dar es Salaam kwa bomba.

Kuhusu gesi niseme kidogo, maana ndiyo ilitakiwa kuutoa mji kwenye korosho. Ugunduzi wa Mnazi Bay ni wa 1982, lakini homa ilipanda kuanzia 2010 hivi. Watu walijenga nyumba za wageni, waliuza viwanja, na 2013 mji uliwaka moto kwa hasira za bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Kampuni zilipopunguza kazi za utafiti baharini, vyumba vikabaki vitupu. Mtambo wa kusafisha gesi pale Madimba ni wa thamani kubwa kwa taifa, ila hauhitaji watu wengi kuuendesha. Tani moja ya korosho inapita kwenye mikono mingi kabla ya kufika melini. Gesi inapita kwenye bomba.

Hivyo nikiulizwa sasa mji unaitegemea korosho kiasi gani, sitatoa asilimia moja. Ukihesabu walioajiriwa na zao lenyewe Agosti, utapata watu wachache sana. Ukihesabu Novemba, ukajumlisha maghala, bandari na usafirishaji, wanakuwa umati. Ukimuuliza kila mtu kama ana mikorosho mahali, au kama anayemuuzia anayo, utaona ni shida kumpata aliye nje kabisa. Rafiki yangu wa mipango aliyasoma majibu ya Agosti. Mimi nilikuwa naishi kwenye majibu ya Novemba.

Kuna kundi moja limebaki na geti lao ni uani. Nilimtembelea mama mmoja wa Mikindani anayebangua nyumbani na binti zake. Bati lililotobolewa liko juu ya mafiga, korosho zinaungua mpaka mafuta ya ganda yanashika moto, moshi wake unawasha macho hata ukiwa upande wa pili wa ua. Anazimwaga mchangani, anafukia, anasubiri zipoe. Kisha jiwe chini, kipande cha chuma mkononi, pigo moja la ubavuni. Likizidi, korosho inapasuka na bei inaanguka. Likipungua, ganda halifunguki. Amejipaka majivu viganjani kwa sababu mafuta yale yanababua, lakini ncha za vidole zimeshakuwa nyeusi na ngumu. Ghafi kilo nne hivi zinampa kilo moja ya kuuza. Binti mdogo anamenya kiganda cha ndani kwa kucha, zile nzima zinakwenda kwenye vifuko vya abiria wa mabasi, vipande vinauzwa kwa wapishi wa visheti.

"Mwezi wa tatu nakaa," aliniambia. "Si kwamba sina nguvu. Sina korosho."

Hazipati kwa sababu zao lote linapita kwenye stakabadhi ghalani na mnada, yaani mkulima anakabidhi mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, na mzigo unauzwa mnadani, mfumo ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08. Umemwokoa mkulima kutoka kwa walanguzi, nami sitaki urudi nyuma. Lakini mnadani zinauzwa tani, na mama huyu anahitaji magunia machache. Akimfuata mkulima kijijini anaonekana anafanya kangomba. Vikundi vya wabanguaji wadogo vimekuwa vikiomba kwa miaka kutengewa mzigo kabla ya mnada, na naona hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote ambayo mji huu ungeweza kufanyiwa. Kule Maranje, upande wa Nanyamba, imetengwa kongani ya viwanda vya korosho, na natamani iwe kweli, iwe na geti na king'ora na zamu. Ila mbanguaji wa Mikindani yupo tayari leo. Jiwe analo, mikono anayo, anajua pigo la ubavuni. Anahitaji ghafi ya kumfikisha Agosti, ili karani wa sensa akimkuta amwandike kazi yake.

Msimu unaokuja nitakuwa maghalani kuandika kazi za watu mmoja mmoja, kisha nitawafuata watu hao hao Agosti itakayofuata. Wakati huo nawatafuta pia waliofanya kazi Likombe mitambo ilipokuwa inanguruma, au watoto wao. Nataka kujua zamu ya asubuhi geti lile lilikuwa linaingiza watu wangapi, walikuwa wanalipwa kwa siku au kwa kilo, na siku lilipofungwa kila mmoja alikwenda kufanya nini.